Kura za Washington, Damu ya Niemba

Tarehe 8 Novemba 1960 ilikuwa Jumanne. Huko Boston, John F. Kennedy alikwenda asubuhi kupiga kura yake, kisha akarudi kwenye nyumba ya familia kando ya bahari kungoja matokeo. Kwa saa za Kongo ilikuwa alasiri. Huko Niemba, kituo kilichoko kwenye reli itokayo Albertville, mji ambao leo unaitwa Kalemie, wanajeshi 11 wa Ireland wa jeshi la Umoja wa Mataifa (ONU) walikuwa wamefika kwenye daraja lililovunjwa la mto Luweyeye. Wapiganaji wa Kiluba wakatokea porini na pinde na marungu. Waairishi tisa walikufa, wawili wakaokoka.

Usiku ule Kennedy alilala bila kujua kama ameshinda. Mwishowe alimpita Richard Nixon kwa kura zisizofika 120,000, kati ya kura milioni 68 hivi. Majuma mawili baadaye watu walijaa barabarani Dublin kusindikiza majeneza yaliyotoka Albertville.

Hakuna aliyepanga mambo hayo mawili yatokee siku moja, lakini hayakuwa mbali kama ramani inavyoonyesha. Waairishi wale waliletwa Kongo kwa ndege kubwa za jeshi la anga la Marekani, kwa idhini ya Rais Dwight Eisenhower. Waluba wa kaskazini mwa Katanga, wengi wao wafuasi wa chama cha BALUBAKAT cha Jason Sendwe, walikuwa vitani na serikali ya Moïse Tshombe, aliyeitenga Katanga tarehe 11 Julai 1960 akiungwa mkono na Wabelgiji. Askari wa Tshombe walikuwa wakichoma vijiji. Mzungu mwenye bunduki alipojitokeza njiani, kijana wa Kiluba hakuwa na sababu ya kuuliza kama ametoka Dublin au Bruxelles. Na swali la kumlinda Tshombe au kumbomoa liligeuka kuwa ugomvi wa siasa za Marekani, likawaandama marais watatu mfululizo.

Habari hiyo tunaijua kwa kiasi kikubwa kupitia midomo ya watu. Waairishi wawili walionusurika walisimulia, na simulizi zao hazikulingana kwa kila jambo na maelezo rasmi ya jeshi lao. Mabalozi, majasusi, makatibu na wapiga picha wa marais wa Marekani nao walikaa mbele ya kinasa sauti, wakasema walichokumbuka. Maneno yao yamehifadhiwa katika maktaba, yamepigwa chapa, na mtu yeyote anaweza kuyasoma. Upande wa Kalemie wa kisa hikihiki umebaki zaidi barazani na mezani kwa familia.

Wamarekani waliifanya kazi hii kuwa taaluma mapema. Mwaka 1948 mwanahistoria Allan Nevins alianzisha katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ofisi ya kurekodi kumbukumbu za watu waliohusika katika mambo makubwa. Alikuwa na hofu ya maana: simu imekuja, watu wakubwa hawaandikiani tena barua ndefu, na mwanahistoria wa kesho atakuta makabati matupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ofisi hiyo iligeukia utawala wa Eisenhower. Kennedy alipouawa Novemba 1963, marafiki na wasaidizi wake walianza kuhojiwa ndani ya miezi michache, na maktaba yake ikarithi kanda hizo. Mjane wake, Jacqueline, alizungumza na mwanahistoria Arthur Schlesinger mwaka 1964. Mazungumzo hayo yalifungiwa na kutolewa kwa umma mwaka 2011. Lyndon Johnson naye alikuwa na mradi wake Texas. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi mwingine wa kuwahoji wanadiplomasia wastaafu, ukiongozwa na Charles Stuart Kennedy, ambaye na rais yule wanashirikiana jina tu.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Mhojaji husoma nyaraka kwanza, kisha huuliza na kurekodi. Kanda huandikwa neno kwa neno, na mhojiwa hupewa nakala airekebishe. Anaweza kuruhusu isomwe mara moja, au kuifunga kwa miaka kadhaa, au kufuta ukurasa unaomchoma. Hapo msomaji aanze kuwa macho. Waziri mstaafu si mwanakijiji aliyeshtukizwa na swali. Ameshaandika kitabu, au anakiandika, na anajua wajukuu wake watasoma.

Julai 1960 inafaa sana kuonyesha faida na mitego ya simulizi hizi.

Juma la mwisho la mwezi huo, kuanzia tarehe 25 hadi 28, chama cha Republican kilikuwa mkutanoni Chicago kumteua Nixon agombee urais. Tarehe 26, Tom Mboya wa Kenya, kijana asiyetimiza miaka 30, alikuwa kwenye nyumba ya Kennedy huko Hyannis Port. Alikuja kuomba fedha za ndege. Wanafunzi zaidi ya 200 wa Kenya, Tanganyika, Uganda, Zanzibar na nchi za kusini mwao walikuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani, lakini nauli hawakuwa nayo, na serikali ya Eisenhower ilikuwa imekataa kuwasaidia. Kennedy akakubali kwamba mfuko wa familia yake utoe dola 100,000. Watu wa Nixon walipopata fununu, walikimbilia wizara ya mambo ya nje, na wizara iliyokuwa imekataa ikakuta ghafla kwamba hata yenyewe ina dola 100,000. Waandalizi wa safari walichagua fedha za akina Kennedy. Mwezi Agosti, Seneta Hugh Scott wa Republican akasimama katika Seneti na kumshutumu Kennedy kwamba anatumia fedha za mfuko wa familia yake kwa malengo ya kisiasa.

Kwa hiyo nauli ya wanafunzi wa Afrika Mashariki iliingia katika kampeni za urais wa Marekani, na wengi wanaamini ilimsaidia Kennedy kwa wapiga kura weusi katika uchaguzi ulioamuliwa kwa kura chache mno.

Kumbukumbu ya jambo hilo imekwenda njia zake. Mwaka 2007 Barack Obama, akitafuta urais, alisema hadharani mjini Selma kwamba akina Kennedy ndio waliogharimia safari iliyomleta baba yake Marekani. Waandishi wa habari wakachunguza. Obama mzee aliwasili Hawaii mwaka 1959, mwaka mzima kabla ya fedha za Kennedy kutoka. Mtoto hakudanganya kwa makusudi. Alirudia hadithi iliyokuwa imezunguka kwa miaka mingi, ambamo safari ya wanafunzi ya 1959 na ile ya 1960 zilishakuwa safari moja. Kumbukumbu za watu hupenda kufupisha hivyo.

Tarehe 27 Julai, siku moja tu baada ya Mboya kuonana na Kennedy, Patrice Lumumba alikuwa Washington. Alikuwa waziri mkuu wa nchi yenye umri wa mwezi mmoja. Jeshi lake lilikuwa limeasi, Katanga imejitenga, na askari wa Ubelgiji wamerudi. Eisenhower hakumpokea, hakuwapo mjini. Lumumba alikutana na waziri wa mambo ya nje, Christian Herter, akaomba mafundi, mkopo na msaada wa kuwaondoa Wabelgiji. Jibu lilikuwa kwamba msaada wowote upitie ONU.

Naibu wa Herter, Douglas Dillon, alihojiwa na kamati ya Seneti miaka 15 baadaye. Alimkumbuka Lumumba kama mtu asiyeshikika, karibu mwenye maradhi ya akili, asiyemtazama mtu usoni. Wakongo waliofanya kazi naye walimkumbuka mtu mwingine kabisa: mwenye haraka, mwenye hasira kwa sababu nchi ilikuwa inamponyoka, lakini akijua barabara anachotaka. Ushahidi wa Dillon una thamani, ila si kwa kumjua Lumumba. Unatufundisha wenye madaraka Washington walimwona vipi, na kuonwa huko ndiko kulikoleta maafa.

Maana tarehe 18 Agosti 1960 Baraza la Usalama wa Taifa lilikaa, Eisenhower akiwa mwenyekiti. Ofisa mmoja, Robert Johnson, alikuwa akiandika kumbukumbu za kikao. Mwaka 1975 ofisa huyo alijitokeza mbele ya kamati ya Seneta Frank Church, iliyokuwa ikichunguza njama za mauaji ya viongozi wa nchi za nje, akaeleza jambo alilokuwa amelibeba moyoni. Alikumbuka rais akitamka kitu ambacho yeye alikielewa kuwa ni amri ya kumuua Lumumba. Maneno yenyewe hakuyakumbuka. Alikumbuka mshtuko wake, na kwamba hapakuwa na mjadala. Kikao kiliendelea na mambo mengine. Katika kumbukumbu za maandishi amri hiyo haimo. Wengine waliokuwepo walisema hawakumbuki kitu cha namna hiyo, au kama rais alisema neno, hakulikusudia hivyo.

Nani aaminike? Kamati ilisema ushahidi ni mzito kiasi cha mtu kuweza kudhani kwamba rais aliidhinisha, lakini si wazi kiasi cha kutoa hukumu. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba jambo moja kwa Johnson lina uzito kuliko mengine: hakuwa na faida yoyote ya kusema. Hakuwa anajitetea, hakuwa anauza kitabu, na alikiri wazi asichokikumbuka. Waliokana walikuwa na heshima ya bosi wao wa zamani ya kulinda, na yao wenyewe.

Septemba 1960 mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, aliteremka Léopoldville, leo Kinshasa, akiwa na sumu. Mkuu wa kituo cha CIA huko, Larry Devlin, alisimulia tukio hilo mara kadhaa. Mwaka 1975 aliliambia jopo la Church chini ya jina la bandia. Mwaka 2004 alilizungumzia kwenye mkutano wa pekee mjini Washington, ambapo wanahistoria waliwaketisha pamoja Wamarekani na Wakongo waliokuwa mahasimu au washirika wakati ule, kila mmoja akiwa na nyaraka mbele yake, ili mtu asiweze kupotosha kirahisi.  Mwaka 2007 Devlin akaandika kitabu. Katika yote alishikilia kwamba alimuuliza Gottlieb amri imetoka kwa nani, akajibiwa kwamba imetoka kwa rais. Na kwamba yeye hakutaka kuitumia sumu ile, mwishowe akaitupa mto Kongo.

Huenda ni kweli. Ila msikilizaji mzuri wa simulizi hujiuliza pia kile ambacho msimulizi hakuulizwa au alikipita haraka. Utafiti wa Stephen Weissman, aliyefukua nyaraka za serikali ya Marekani kwa miaka mingi, unaonyesha kwamba Devlin alidokezwa katikati ya Januari 1961 kuwa Lumumba, aliyekuwa kizuizini, atahamishiwa mikononi mwa adui zake, na hakuiarifu Washington kwa siku tatu. Kennedy alikuwa aapishwe tarehe 20. Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walifikishwa Élisabethville, mji mkuu wa Katanga, leo Lubumbashi, na kuuawa usiku wa tarehe 17. Tume ya bunge la Ubelgiji ilichunguza sehemu ya nchi yake, na mwaka 2001 ikasema kwamba Wabelgiji waliohusika wanabeba dhamana ya kimaadili. Kuhusu zile siku tatu, maneno ya Devlin mwenyewe hayatoshi.

Habari ya kifo ilitangazwa kwa dunia tarehe 13 Februari. Mpiga picha Jacques Lowe alikuwa karibu na Kennedy wakati rais alipopata habari hiyo kwa simu kutoka kwa Adlai Stevenson, balozi wake ONU. Picha inaonyesha rais ameinamisha kichwa, mkono usoni. Imetumiwa miaka yote kuonyesha kwamba Kennedy alikuwa mtu wa namna nyingine. Inawezekana. Lakini wakati picha inapigwa Lumumba alikuwa ameshakufa karibu majuma manne, na shirika la kijasusi la rais huyohuyo ndilo lililokuwa likiwafadhili waliomkamata.

Kennedy alirithi Katanga ikiwa ingali na bendera yake, na humo ndimo Albertville ilimokuwa. Kilichomsumbua zaidi hakikutoka Moscow bali ndani ya Seneti. Tshombe alikuwa na mtu wake New York, Michel Struelens, Mbelgiji mwenye maneno matamu na fedha za matangazo. Wahafidhina waliunda kamati ya kuwasaidia wapigania uhuru wa Katanga, wakaifananisha nchi ya Tshombe na Hungary iliyopondwa na vifaru vya Warusi mwaka 1956. Seneta Barry Goldwater alimtetea Tshombe. Na mtetezi wake mkubwa kuliko wote, Seneta Thomas Dodd wa Connecticut, alitoka katika chama cha Kennedy mwenyewe.

Dodd alikwenda kujionea Élisabethville. Tarehe 28 Novemba 1961 iliandaliwa karamu kwa heshima yake katika nyumba ya mfanyabiashara. Kabla mgeni hajafika, askari wa Tshombe waliingia humo wakawakamata maofisa wawili wa ONU, Brian Urquhart na George Ivan Smith, wakawapiga. Wakati huohuo gari la seneta likawasili, ndani yake akiwamo konseli wa Marekani, Lewis Hoffacker. Hoffacker aliruka chini, akaingia katikati ya askari na kumchomoa Ivan Smith. Urquhart alichukuliwa, pua imevunjwa, na aliachiwa baadaye usiku. Wote watatu walisimulia kwa namna yao, na simulizi zao zinapatana katika jambo la msingi: seneta aliyekuja kuthibitisha kwamba Katanga ni nchi yenye amani alikaribishwa kwa ngumi mlangoni.

Mtu wa Kennedy katika kazi hii alikuwa Edmund Gullion, balozi wake Léopoldville. Walifahamiana zamani. Mwaka 1951 Kennedy, akiwa mbunge kijana, alipita Saigon, na Gullion alimwambia bila kuficha kwamba Wafaransa watashindwa Indochina. Rais hasahau mtu aliyemwambia kweli mapema. Desemba 1961 Gullion alimleta Tshombe hadi Kitona kukutana na Waziri Mkuu Cyrille Adoula, Tshombe akatia saini kwamba Katanga ni sehemu ya Kongo, kisha akarudi nyumbani na kuanza kuzungusha maneno. Ilichukua mwaka mwingine na mashambulizi ya ONU ya Desemba 1962 na Januari 1963 kuizima Katanga.

Katika kumbukumbu za wanadiplomasia kuna visa vyepesi pia. Frank Carlucci, ambaye baadaye alikuwa konseli Zanzibar, akafukuzwa huko, na mwishowe akawa waziri wa ulinzi wa Ronald Reagan, alikuwa ofisa mdogo Léopoldville mwaka 1960. Alisimulia kwamba Adoula alipoalikwa na Kennedy chakula cha mchana Ikulu mwaka 1962, mgeni alitazama huku na huku akauliza Carlucci yuko wapi. Rais hakujua Carlucci ni nani. Wasaidizi wakahangaika mpaka kijana huyo akapatikana. Ni kichekesho, na mwenyewe alikisimulia kwa raha. Lakini kinasema jambo: waziri mkuu wa Kongo alimjua zaidi Mmarekani aliyetembea mitaani kwake kuliko wale waliokuwa wakiamua mambo yake.

Mwaka 1964 ndio uliozama zaidi katika kumbukumbu za Kalemie. Mji huo, ukiitwa bado Albertville, ulikuwa makao makuu ya jimbo jipya la Nord-Katanga, na rais wa jimbo alikuwa Sendwe. Mwezi Juni waasi wa Gaston Soumialot, Simba, waliuteka. Sendwe aliuawa humohumo tarehe 19 Juni. Miongoni mwa viongozi vijana wa utawala mpya wa mji alikuwa Laurent-Désiré Kabila, aliyetoka katika vijana wa BALUBAKAT. Watu wa mashariki mwa Kongo huviita vita vile vita vya Mulele, ingawa Pierre Mulele mwenyewe alikuwa akiongoza uasi Kwilu, upande wa pili wa nchi. Dawa ya kugeuza risasi kuwa maji ndiyo iliyobeba jina lake hadi Ziwa Tanganyika.

Huko Washington Rais Lyndon Johnson, aliyemrithi Kennedy, alikuwa anakabili uchaguzi wa Novemba, na mpinzani wake alikuwa Goldwater. Hakutaka Kongo iwe habari ya ukurasa wa kwanza, na hakutaka pia kuonekana kwamba ameiacha kwa Wakomunisti. Ufumbuzi ulikuwa kupigana bila Wamarekani kuonekana: ndege za Marekani zikarushwa na Wakuba waliomkimbia Fidel Castro, walioajiriwa na CIA, na ardhini wakawekwa mamluki. Waziri mkuu mpya wa Kongo tangu Julai alikuwa nani? Moïse Tshombe, yuleyule ambaye serikali ya Kennedy ilitumia miaka miwili kumpigisha magoti. Wale askari wake wa Katanga walirudi kama jeshi la taifa.

Mkuu wa mamluki, Mike Hoare, alijaribu mwishoni mwa Agosti kuishambulia Albertville kwa boti usiku, akashindwa vibaya. Tarehe 30 mji ulikombolewa na kikosi kilichokuja kwa nchi kavu. Hoare aliandika vitabu. Jaribio lililoharibika linachukua kurasa nyingi na lina mvuto wake, kwa kuwa ni yeye anayesimulia. Mkazi aliyejificha chini ya kitanda mabomu yakianguka hakuandika kitabu.

Johnson alishinda tarehe 3 Novemba kwa asilimia 61. Majuma matatu baadaye, tarehe 24, ndege za Marekani ziliwashusha askari wa miavuli wa Ubelgiji Stanleyville, leo Kisangani, kuwaokoa mateka walioshikwa na Simba. Siku moja tu kabla ya hapo, Nairobi, chini ya uenyekiti wa Jomo Kenyatta, balozi wa Marekani William Attwood alikuwa akizungumza na Thomas Kanza, mjumbe wa waasi. Attwood alikuwa amewahi kumwandikia Kennedy hotuba za kampeni. Alisimulia mazungumzo hayo kama yasiyokuwa na njia ya kufika popote. Waafrika wengi walioyafuata waliona yalikuwa ya kupoteza muda huku ndege zikijazwa mafuta. Johnson alikuwa na desturi ya kurekodi simu zake, na Kongo imo katika kanda hizo. Hapo ndipo mtu anapoona tofauti: sauti ya simu ina wasiwasi na kukatakata, wakati mahojiano ya wasaidizi wake miaka minne au mitano baadaye yameshanyooshwa.

Mwaka 1965 vita viliingia majini. Aprili, Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na Wakuba wake hadi Kibamba, kaskazini mwa Albertville, kuwasaidia waasi. Tarehe 29 Juni watu wake pamoja na wapiganaji wa Kinyarwanda walishambulia kituo cha umeme cha Bendera, kinachoilisha Kalemie, wakapigwa. Wakuba wanne walikufa, na shajara iliyokutwa kwenye maiti iliwathibitishia Wamarekani wanapigana na nani. CIA ikaleta Albertville boti za doria zilizobebwa vipande vipande kwa ndege, zikaunganishwa pale ziwani na kuendeshwa na Wakuba wa upande wa pili. Kwa hiyo Wakuba walikuwa wakiwindana na Wakuba kwenye Ziwa Tanganyika, na walipa kodi wa Marekani hawakuambiwa. James Hawes, ofisa wa jeshi la majini aliyesimamia boti hizo, alikaa kimya zaidi ya miaka 50 kabla ya kutoa kitabu mwaka 2018. Che aliondoka Novemba 1965 na kuandika habari zake akiwa amejificha Dar es Salaam. Maandishi hayo nayo yalifungiwa kwa miaka karibu 30.

Zana za kukusanya simulizi za upande wa Kongo zipo, na baadhi zilitengenezwa Kongo. Jan Vansina, Mbelgiji aliyeanza kazi kwa watu wa kabila la Wakuba wa Kasai miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1961 kitabu kilichowafundisha wanahistoria wa dunia namna ya kupima masimulizi ya mapokeo: nani alisema, alisikia kwa nani, na kwa faida ya nani. Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora mwaka 1973 na 1974 historia nzima ya nchi katika picha karibu 100, akizieleza kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya kinasa sauti cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Katika picha yake ya kifo cha Lumumba kuna misalaba mitatu nyuma ya maiti tatu. Hakuna mhojiwa wa Washington aliyemwona Lumumba namna hiyo. Baadaye Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walikusanya kumbukumbu za wafanyakazi wa migodi na familia zao, vyombo vya nyumbani vikiwamo.

Kalemie haina migodi ya namna hiyo, ila ina bandari, reli na watu wa lugha nyingi waliokutana humo: Waluba, Watabwa, Waholoholo, Wabembe. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 Simba walipoingia ameshapita 70 leo. Kazi ya kumhoji haihitaji maktaba ya rais. Inahitaji simu yenye chaji, ruhusa yake, na mtu aliyejisomea mapema vya kutosha kujua kwamba Agosti 1964 na Juni 1965 si jambo moja, ili zisichanganyike kama safari mbili za wanafunzi wa Mboya. Hao wanadiplomasia waliulizwa nani alitoa amri. Mzee wa Kalemie aulizwe mengine: ndege zilikuja kutoka upande gani, umeme ulikatika siku ngapi baada ya Bendera, nani alifungua soko kwanza, na walipomwona rubani aliyezungumza Kihispania, walidhani ametoka nchi gani.